Anwani Kumi na Mbili Zilizofanana

Jumapili, 14 Septemba 2025

Baada ya ibada kanisani kwetu Merrylands, huku ugenini, mjukuu wangu Kendi na Gad, yule kijana Mrundi wa kwaya, wamenionyesha barua za chuo. Ripoti zao za programu ya kompyuta zimefanana mno. Mmoja amenakili. Watahojiwa Alhamisi, mwenye hatia atafukuzwa, na Gad, mwenye viza ya mwanafunzi, atarudishwa kwao. Kila mmoja anaapa kuwa kazi ni yake. Kila mmoja anaomba barua yangu ya kumtetea, kama mzee wa kanisa. Nimeahidi moja tu — ya asiye na hatia.

Moyo unamshuku Gad. Anacheka mno kwa mtu mwenye shida.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimezisoma ripoti zote mbili. Kazi imegawiwa michakato minne ya kompyuta. Kila mmoja una kumbukumbu yake, nayo hupelekeana ujumbe. Kabla ya kutuma, programu huuliza kila kibadilika, yaani kisanduku cha kuwekea thamani, kimekaa wapi katika kumbukumbu. Majibu, yaani anwani, yamechapishwa katika kila ripoti: kumi na mbili, tatu kwa kila mchakato. Nikaweka rula chini ya kila mstari, tarakimu kwa tarakimu, kama tulivyofunzwa chuo cha theolojia kulinganisha nakala za Maandiko.

Zote sawa katika ripoti zote mbili! Gad, aliyekuwa ameketi kando yangu, akacheka: Mzee, hata watu wa viza hawakagui hivyo.

Jumanne, 16 Septemba

Nimemuuliza Kendi kama anwani hizo ni za kudumu. La, Babu, kila ukiiendesha programu zinabadilika. Basi zote kumi na mbili zisingefanana bila mtu kuzinakili. Kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimewaita mmoja mmoja, kama desturi ya kikao cha wazee, kila mmoja aendeshe programu yake mbele yangu.

Ya Gad ilifika mwisho salama. Nikamuuliza kwa nini anatafuta anwani katika kila mchakato. Kila mchakato ujiulize wenyewe, Mzee. Ukimpa jirani anwani zako, kwake atachota takataka tu.

Ya Kendi ilikwama na kuzimika. Ndani yake mchakato wa kwanza pekee ndio unaouliza, kisha unawagawia wenzake anwani zake. Basi majibu ya michakato yote minne, yaliyo katika ripoti yake, yalitoka wapi? — Niliibadilisha baadaye, Babu. Kwani wewe uko upande wa nani?

Hakunitazama. Ee Mungu — na mimi nilimshuku mtoto wa watu!

Alhamisi, 18 Septemba

Saa mbili asubuhi. Gad amepiga simu kutoka stesheni ya treni ya Toongabbie: Mzee, barua ipo? Nimemwambia asubiri. Hakucheka.

Kendi ameingia na barua aliyoichapa mwenyewe. Inasema nilimwona akiifanya kazi yote hapa nyumbani, kwa mkono wake. Saini tu, Babu, tafadhali, tutachelewa.

Sikusaini. Nimempa karatasi tupu na kalamu yangu: andika wewe kwanza, kazi hii ni ya nani. Ameketi mbele yangu. Ameandika tarehe. Ameandika jina la Gad — na hapo mkono umesimama.