Umeandika Hatuna Mgonjwa

Kwa Kaka,

Shikamoo. Naitoa kwa kuwa ulinitangulia kuzaliwa, basi. Sisi hapa nyumbani hatujambo. Mama goti bado linamsumbua. Hujauliza, lakini nakuambia. Wewe najua u mzima, maana Jumanne nimeuona hadi ubongo wako.

Ulifurahi sana kujitolea. Dokta anayeongoza utafiti wetu ndiye baba wa mchumba wako, basi alipotafuta watu wenye afya wa kulinganisha na wagonjwa wake wa skizofrenia, yale maradhi ya akili, ulijipeleka mbele kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa. Nilikulaza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, nikakuvisha vifaa vya masikioni, nikaenda kukaa nyuma ya kioo. Nilikueleza kwamba utasikia mlio mkali wa ghafla, na mara nyingine utatanguliwa na mlio mdogo. Kwa mtu asiye mgonjwa ule mdogo huuandaa ubongo, mshtuko ukapungua. Kwa wagonjwa wengi haupungui sana, na kwenye picha tunatafuta ni sehemu gani ya ubongo inayoshindwa kuuzuia. Ukatania kwamba wanaume hawashtuki ovyo, hao wengine wanadeka tu. Dokta akacheka kidogo kwa adabu. Mimi nilitamani kuongeza sauti ya mlio.

Ulipotoka nikachukua fomu yako. Penye swali kama una ndugu wa damu mwenye maradhi hayo, umeandika hakuna. Tena kwa herufi kubwa! Kaka, huna haya. Swali lile halikuwekwa kwa umbea. Ndugu wa mgonjwa, hata akiwa mzima, ubongo wake unaweza kushtuka kama wa mgonjwa, na picha yake ikatupotosha. Na Kitinda, mdogo wetu wa mwisho, je, mwaka wa tisa huu anameza dawa, naye ni nani? Jioni ile ile ukanipigia simu kuniagiza nimtoe nyumbani Jumamosi, wakija wakwe, asije akakuaibisha. Ukasema ni siku moja tu. Umekuwa ukisema siku moja tu tangu alipougua. Mficha uchi hazai.

Sasa nisikilize, maana nyani haoni kundule. Mimi nilikutangulia. Nilipoajiriwa hapa nililala kwenye mashine ile ile, nikajaza fomu ile ile, nikaandika neno lile lile, kwa kuogopa Dokta asije akanitazama kwa jicho jingine. Mwezi uliopita kliniki ikatuletea mgonjwa, namba tu bila jina, kama kawaida. Akaingia Kitinda. Dokta alikuwa amesimama pale pale. Kitinda akanitazama, akaniamkia kama mgeni, akavua hereni nilizomnunulia mwenyewe, akaniuliza, “Mtaalamu, niziweke wapi?” Nikamwonyesha kisahani. Nikamhudumia dakika arobaini bila kumwita jina.

Nilipomuuliza baadaye, alisema aliuona uso wangu ulivyobadilika, akajua kwamba sijamtaja. Hakutaka nipoteze kazi. Huyo ndiye tunayesema akili zake hazimtoshi.

Jana, kwa ruhusa yake, nilimwambia Dokta yote, yangu na yako. Picha zetu zote mbili ameziondoa kwenye utafiti. Suala la kazi yangu ataliamua wiki ijayo, na lolote litakalokuja ni haki yangu. Kuhusu wewe hakusema mengi, ila kwamba Jumamosi watakuja kama ilivyopangwa, na anatarajia kuwaona watoto wote wa nyumba hii.

Nimemwomba Kitinda akae nasi sebuleni siku hiyo, amekataa. Anasema mwenye shughuli ndiye anayealika, na wewe hujamwalika. Simtoi chumbani kwa nguvu, wala sikutafutii maneno ya kumwambia. Chumba chake unakijua. Njoo ugonge mlango, na ugonge polepole.

Mama anakusalimu. Kitinda naye anakusalimu. Nilimuuliza kwa nini, akasema kwa sababu wewe ni kaka yake.

Ni mimi,
mdogo wako.