Jani la Rangi Mbili

Jangwani, Chile

Mama yangu,

Shikamoo. Najua anayekusomea ni Dotto, kwa hiyo pacha wangu, soma yote, usiruke mahali. Macho yanaendeleaje, mama? Na goti? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Nimechoka kiasi kwamba Jumapili nililala na viatu.

Uliuliza nyota nazipimaje na sizigusi. Darubini hupokea mwanga wa nyota, chombo kikautawanya ukawa rangi kama za upinde wa mvua, zenye mistari myeusi katikati. Mistari hiyo hutuambia nyota ina joto gani na ndani yake mna nini. Ikisogea upande wa wekundu, nyota inakwenda mbali nasi. Ikisogea upande wa buluu, inatujia. Kompyuta hupima maelfu kwa maelfu. Zinazoishinda naletewa mimi asubuhi, nizikague kwa macho, moja moja. Yaani mama, nimevuka bahari kuja kuchambua tumbaku.

Na ndipo nilipoharibu. Unakumbuka ulivyotufundisha hapo Usoke, mlangoni pa bani la kukaushia tumbaku, majani yakishakauka? "Jani la rangi mbili tupa, mwanangu. Wanunuzi wakilikuta, mtumba mzima wa tumbaku unakataliwa." Basi kila nikikuta nyota ambayo mara hii inatujia, mara nyingine inakwenda zake, nasema kipimo kimekosewa, natupa. Nimetupa hivyo tangu nifike. Juzi mkuu wangu, mama mmoja mpole, akafungua rundo la nilizotupa, akazipitia moja moja.

"Kulwa," akasema, "hizi ni nyota mbili mbili. Zinazungukana, sisi tunaona moja. Ndizo tulizokuwa tunazitafuta."

Nilitamani ardhi inimeze. Pacha mzima nimeshindwa kuwatambua mapacha!

Sasa nazirudia zote, na likizo ya kuja nyumbani imekwenda na maji. Hapo ndipo penye neno zito. Dotto ameniambia daktari wa Tabora yuko tayari kukutoa mtoto wa jicho, ila wewe umegoma mpaka nirudi, ati uso wa kwanza utakaouona uwe wangu. Nililia niliposikia. Lakini usiningoje, mama. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na macho pia.

Nisalimie shangazi wa Nzega, mwambie kanga yake naivaa ndani ya koti, baridi ya huku haina adabu. Nisalimie mjomba fundi baiskeli, na mchungaji, aniombee nipate usingizi.

Nenda na Dotto wiki hii hii. Kitambaa kikifunguliwa, yeye ndiye asimame mbele yako. Uso utakaouona ni huu huu wangu. Ila nakusihi, usimwite Kulwa. Mwite kwa jina lake, maana ndiye aliyebaki akakushika mkono.

Dotto, na hapo pia usiruke.

Mwanao anayekukumbuka kila asubuhi,
Kulwa