Alama ya Kutoa, Ukurasa wa Kumi na Moja

Jumatatu, 7 Julai
Ukurasa wa kumi na moja tena. Mama amelala, mguu wenye plasta juu ya mto. Nimekuja kwake Msamala kumuuguza, nikabeba na makala yangu ya mwaka juzi ili niandike sehemu ya pili. Inahusu elektroni nyingi zinazosukumana. Huwezi kuhesabu moja bila zote. Mbili zikibadilishana nafasi, alama hugeuka: jumlisha inakuwa toa. Kwenye mstari wa tatu sikuigeuza. Labda macho yamechoka.

Jumanne, 8 Julai
Macho hayajachoka. Nimerudia hesabu mara tatu. Kosa ni langu.

Jumatano, 9 Julai
Chakula hakipiti. Makala si shida. Shida ni Rehema, mwanafunzi wangu wa uzamivu. Tasnifu yake yote imesimama juu ya ukurasa ule, na anaitetea wiki ijayo. Nikimwambia, namvunja. Nisipomwambia, watahini watamvunja mbele ya watu. Au hawataona. Nimetamani wasione. Nimejiogopa.

Ijumaa, 11 Julai
Nimeshika simu, nimeiweka. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi. Mama kaniuliza, "Skola, nani kafa?"
Nikamweleza: nimekosea hesabu, na mwanafunzi kajenga juu yake.
"Mwambie leo basi. Kesho Jumamosi, atakuwa anafua."
Sikumwambia.

Jumamosi, 12 Julai
Nimempigia saa nne asubuhi, nimesimama uani kando ya mahindi yaliyoanikwa. Akaniamkia, akamuulizia mama. Nikamkatiza: ukurasa wa kumi na moja, mstari wa tatu.
"Najua, Dokta."
Aliliona kosa tangu Aprili.
"Mwanzoni nilidhani mimi ndiye nimekosea. Halafu nikaogopa."
"Uliogopa nini?"
"Kukuambia."
Nimekaa juu ya gunia. Miezi mitatu kabeba peke yake. Mimi siku tano tu zimenishinda. Mwezi wa tano aliinua mkono kwenye semina, nikamwambia maswali baadaye. Hiyo baadaye haikufika. Leo sikumuuliza kama ndilo alilotaka kusema.
Kumbe ameandika sura nzima upya, yenye alama sahihi. Hakuthubutu kuituma. Nimemwomba aitume.

Jumapili, 13 Julai
Sura imefika. Sijaifungua. Kanisani sikusikia hata somo moja.

Jumatatu, 14 Julai
Nimeisoma. Nusu ya matokeo yangu imeanguka. Elektroni hazijipangi kama nilivyodai. Rehema anaonyesha zinavyojipanga. Kazi yake ni nzuri kuliko yangu. Inauma. Nimeandikia jarida kwamba makala ina kosa, na kwamba aliyeligundua kwanza ni yeye. Nimeandikia idara kuomba utetezi usogezwe mwezi mmoja, nikataja sababu kuwa ni mimi. Nimebonyeza kutuma.

Jumanne, 15 Julai
Hakuna jibu. Nimefungua barua pepe kila baada ya dakika chache. Mama amenipokonya simu, akaikalia.

Alhamisi, 17 Julai
Idara imekubali. Jarida bado. Rehema ameniandikia kurasa mbili za kunipinga kuhusu rasimu ya sehemu ya pili niliyomtumia. Nusu yuko sahihi. Nusu nyingine tutabishana kesho. Mama ametembea na magongo mpaka mlangoni, akakaa juani. Nimemenya viazi. Nimekula.