Mama, Hukumuuliza Alikozikwa Baba

Mama,

Nina hasira, na wewe ndiye wa kwanza kuzisikia, maana ulipokuwa hai hukunipa nafasi.

Ambakisye bado anakaa katika kile chumba cha parokia. Akina mama wa jumuiya yako wanampelekea ndizi na maharage, kama ulivyowazoesha. Jumapili Padre alimsimamisha mbele ya waumini, akamwita mfano wa neema. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje, nikasimama mvuani mpaka misa ikaisha. Mfano wa neema! Yule aliyewaongoza waasi mpaka kwenye nyumba alimojificha Baba kule Kongo! Mwenzake wa biashara ya mchele, aliyekuwa akila naye sahani moja!

Najua ungesema nini. "Atupele, alishikiwa bunduki. Hata wewe ungeonyesha." Labda. Lakini bunduki ilipoondolewa alibaki nao, akala nao, akavaa viatu vyao.

Siku aliporudi hapa kwetu Kawetele, ulimwekea chakula hata hajakaa vizuri. Akashukuru, "Ndaga, Mama," nawe ukamwongezea mboga. Nilisimama mlangoni nikisubiri umuulize swali moja tu: Baba amezikwa wapi? Hukuuliza. Siku ile wala siku nyingine. Uliogopa nini, Mama? Ulisamehe fungu lako, ukasamehe na langu. Nani alikutuma?

Siku tulipokuzika alikuja na jembe achimbe kaburi. Nilimnyang'anya. Wajomba wakasema sina adabu msibani. Basi, sina.

Sasa wameita kikao Jumamosi, kwa sababu chakula cha kumaliza msiba hakiliwi na watu wenye vinyongo. Unajua desturi yetu: mwenye hasira anazisema zote mbele ya ndugu, kisha anachukua maji mdomoni na kuyapuliza chini. Hapo ndipo yanapokwisha. Ninyi wa parokia mliruka hayo yote mkaanzia kwenye chakula! Padre ameomba tufungue kwa sala na kukumbatiana. Nimemwambia sala isubiri zamu yake.

Pumzika, Mama. Nakupenda, na nimekukasirikia, vyote viwili kwa pamoja. Nakuahidi kwamba nitamuuliza mimi. Nitasema yangu yote, nichukue maji mdomoni, nimtazame usoni. Akitaja mahali alipolazwa Baba, nitayapuliza. Asipotaja, nitayameza.

Binti yako,
Atupele