Mama, Mwenye Bucha Hana Kosa

Mama yangu,

Nimeianza barua hii mara kadhaa kwa salamu ndefu, kama ulivyotulea, na kila mara nimejikuta nikikuuliza habari za safari kana kwamba uko Bombo kwa ndugu zako na utarudi Jumapili. Basi nakuombea rehema ya Mungu hapo ulipo, kisha niseme moja kwa moja lililonileta. Wiki hii nitakula kiapo na kutoa maelezo yangu mbele ya wakili wa Shamim, na katika maelezo hayo nitakutaja kwa jina. Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine, ingawa sijui, wala sijifanyi kujua, kama wafu husikia.

Ulikuwa ukinicheka tangu nilipoingia chuo kikuu. Wewe na marehemu Baba mlijifunza Kiswahili chenu katika kambi ya polisi, na mkakitumia kama mwiko wa kukorogea. Changu ulikisikiliza kwa kuinamisha kichwa, halafu ukasema mbele ya wageni, "Kiswahili yako hii navaa tai." Leo naomba uniruhusu nikivalishe hiyo tai, Mama. Bila hiyo sitafika mwisho wa ukurasa.

Uliondoka siku chache tu baada ya ile harusi ya hapa Bukoto, kwa hiyo hukupata kujua ni nani mwingine aliyeumia. Nyumba nyingi za mtaa wetu ziliugua. Wengi walitapika, wakaharisha, wakapona, na sasa wanasimulia kwa kuchekeshana ni nani aliyekimbilia chooni na gomesi yake ndefu ya sherehe. Shamim hakupona. Ndiye yule binti wa Hajati Zubeda aliyekuwa akija kukusomea ujumbe wa simu miwani yako ilipovunjika. Aliharisha mpaka figo zikashindwa kazi, na hadi leo damu yake husafishwa kwa mashine. Amekonda. Cherehani yake imefunikwa kwa shuka. Nilipomtembelea mara ya kwanza aliniambia, "Pole kwa Mama," akanifariji yeye mimi, na mimi nikaipokea ile faraja nikaiweka mfukoni kama mwizi.

Maana nilikuwepo jikoni, Mama. Unakumbuka.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, tulikwenda pamoja kununua nyama kwa yule mwenye bucha wa Wandegeya. Aliikata mbele yetu. Uliigusa kwa mgongo wa kiganja, ukasema bado ina joto la mnyama, na ukamtania kwamba kama ungekuwa msichana wangekuoza kwake. Nyama ile ilikuwa safi, niliibeba mwenyewe. Jioni chama chenu kikaipika uani. Nyinyi wanawake wa munno mukabi, chama cha kusaidiana, ambao kwa miaka mmepikia harusi na matanga ya mtaa mzima bila ujira, mliwasha sigiri zenu mkaimba. Halafu mvua ikaja, mkaa ukalowa, kila mmoja akakimbilia kwake, na lile sufuria kubwa likabaki na mfuniko wake chini ya turubai, vuguvugu, mpaka asubuhi.

Asubuhi ulipofunua, nilisikia harufu. Hapa ndipo ninapojishuku. Nimeikumbuka harufu ile mara nyingi kiasi kwamba sijui tena kama ninaikumbuka au ninaitengeneza. Pengine ilikuwa ya turubai lililoloa. Lakini najua nilikuuliza, kwa sababu kicheko kilichofuata wamekisikia wengine. Nilisema, "Mama, hii nyama haijaharibika?" Ukakamua ndimu, ukatia tangawizi na nyanya nyingi, ukasema, "Moto nasafisha kila kitu." Nilipofungua mdomo tena ukanikata kauli: "Wewe nasoma sheria, mimi napika. Kata kitunguu." Mama Nuru, mwenyekiti wenu, akapiga makofi akisema wakili kashindwa kesi. Wote wakacheka. Nami nikacheka, Mama, nikakata kitunguu.

Kisha ulijipakulia sahani kabla ya mgeni yeyote, ukala ukiwa umesimama, mbele yetu sote, ukafuta mchuzi kwa mkate. Hilo nalo litakuwa kwenye maelezo yangu. Hukuwalisha watu kitu ulichokiogopa. Nimejaribu kukitumia kitendo hicho kukuondolea lawama, na usiku fulani nimekaribia kufaulu, lakini daktari alinieleza kwamba chakula kikikaa vuguvugu muda mrefu, vijidudu vinaweza kuacha sumu ambayo moto wa baadaye hauiondoi. Ulikula kwa imani, na Shamim alikula kwa imani yako. Sheria inamwangalia Shamim.

Ulipofariki, daktari huyohuyo alinivuta pembeni akaniuliza kama tungekubali mwili ufanyiwe uchunguzi. Nilimjibu kwamba sisi Waislamu huzika mapema. Ni kweli tunazika mapema. Ni kweli pia kwamba kuna njia za kuomba uchunguzi bila kuvunja heshima ya maiti, na mimi, mtu niliyesoma, nazijua. Nilijiambia ninalinda dini. Leo nashuku nilikuwa nalinda sufuria.

Nikaenda nawe makaburini. Baada ya dua, Ba'mdogo Juma akasimama kwa niaba ya ukoo, kama desturi yetu ilivyo, akapaza sauti: kama marehemu anadaiwa, mdai aje kwetu, na kama alimkosea mtu, kwa kujua au kwa kutojua, tunamwomba mtu huyo amsamehe. Watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Mbele yangu, kule nyuma tulikosimama wanawake, alikuwa Hajati Zubeda. Alikuwa ametoka hospitali kuja kukuzika, na nguo zake zilinuka dawa. Aliitikia kwa nguvu kuliko wote. "Tumemsamehe! Tumemsamehe mama wa watu!" Hakujua anasamehe nini. Mimi nilijua, nikakaa kimya, nikaona msamaha wako unapita mbele ya macho yangu kama bidhaa iliyopatikana kwa hila.

Darasani tulifundishwa kwamba ridhaa ya mtu asiyejua anachoridhia si ridhaa. Nimejiuliza kama kanuni hiyo inafaa kuvushwa kutoka mahakamani kwenda makaburini. Pengine haifai. Pengine Mungu hupokea msamaha ulivyo, bila kukagua. Shehe niliyemuuliza aliniambia nisijitese, na ningependa sana kumtii.

Yaelekea ningemtii, lau chama chako kisingekuja nyumbani.

Walikuja baada ya arobaini, Mama Nuru mbele. Walikuwa wamesikia kwamba aliyeumizwa na chakula anaweza kudai haki, wakataka niwaeleze. Niliwaeleza kadiri nilivyoweza. Kwamba mgonjwa anaweza kupeleka malalamiko kwa maafisa wa afya wa jiji. Kwamba anaweza kufungua madai dhidi ya yeyote aliyekuwa na wajibu wa kukishughulikia chakula kwa uangalifu akafanya uzembe, hata kama hakukinunua kwake, na hata kama alipewa bure. Kwamba muda wa kudai una mwisho. Kwamba ushahidi ni mgumu, chakula kimeshamwagwa, ila vipimo vya hospitali vya Shamim na vya wengine vipo. Walinisikiliza kwa makini, na nikajisikia, Mungu anisamehe, mtu wa maana.

Ndipo Mama Nuru akasema, "Basi munange, andika. Ile mwenye bucha ndiyo aliuza nyama mbaya. Tumshtaki."

Wengine wakadakia. Mmoja akasema amekuwa akimwona anamwaga maji juu ya nyama. Mwingine akasema mtu wa namna ile hata macho yake hayatulii. Nilielewa, polepole, kwamba hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wameshajiaminisha. Na nilielewa kwamba mtaa mzima ulikuwa tayari umeshahukumu, kwa sababu nilipita Wandegeya siku iliyofuata nikakuta kulabu zake tupu, na yeye amekaa nje akipunga nzi mahali ambapo hapakuwa na nyama. Aliniona. Alisimama, akanipa pole ya msiba, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, na wewe waamini ni mimi?"

Sikumjibu, Mama. Nilimwambia nina haraka.

Siku ile ya kikao nilikuwa angalau nimesema nusu. Niliwaambia, "Mwenye bucha hana kosa." Mama Nuru akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuona utani usoni mwake. "Basi nani, mwanangu? Sema." Nadhani kila mmoja wao alikuwa analitazama lile sufuria kichwani mwake, kama mimi. Nikasema tu kwamba sitaandika. Wakaondoka bila kumaliza chai.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana ni rahisi kujipamba. Sikusukumwa na ujasiri. Nilihesabu kwanza nitakachopoteza. Madai dhidi ya marehemu hayafi naye. Huangukia mali aliyoacha, na mali uliyoacha ni nyumba hii na vile vyumba vya kupangisha, ambavyo ndivyo vinavyomweka Hamisi mjini. Nilipomweleza mdogo wangu huyo, alisimama akaniuliza, "Kwa hiyo umesoma ili utuuzie nyumba ya Mama?" Kisha akasema jambo baya zaidi kwa sauti ya upole: "Yeye hawezi kujitetea, Rukia." Ni kweli. Ninakutolea ushahidi wewe usiyeweza kunikata tena kauli, na kuna nyakati najiuliza kama ninalipiza kile kicheko cha jikoni. Sina hakika kwamba silipizi. Nimejipima kwa njia hii: je, ningesema kama mwenye bucha asingeniuliza? Jibu langu hubadilika kila nikijiuliza.

Hata hivyo nilikwenda kwa Hajati Zubeda. Nilimkuta anakunja shuka za kupeleka hospitali. Nilikuwa nimejiandalia maneno, nikayasahau yote, nikamweleza tu tangu mvua mpaka ndimu. Nilimwambia kwamba kwa kuwa mimi ni shahidi na binti yako, siwezi kuwa wakili wao, lakini nimepata mwenzangu mwaminifu atakayemsimamia Shamim. Na kwamba akitaka kudai, adai kwa chama na kwa mali yako, asimguse yule mtu wa Wandegeya. Nilimwambia pia kwamba anaweza kuamua asidai chochote, na sheria haimlazimishi.

Hakulia. Aliendelea kukunja. Halafu akasema, "Makaburini mimi nilisamehe. Nilisema kwa sauti, watu walisikia."

"Ndiyo, Hajati."

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulisimama wapi?"

"Nyuma yako."

Alikaa chini, Mama. Alikaa juu ya zile shuka. Baadaye akaniambia neno ambalo ndilo hasa nililotaka kukuletea: "Ule msamaha naurudisha. Simaanishi kwamba simsamehi mama yako. Maana yake niache kwanza nijue ni nini nasamehe, halafu nitaona." Nikamuuliza kuhusu mimi. Akasema, "Wewe ondoka leo."

Kwa hiyo hapo ulipo, Mama, kama ulikuwa umepumzika juu ya neno la Hajati Zubeda, ujue mwanao ndiye aliyekuja kulivuta chini yako. Sijui kama nimekutendea haki. Nimekuvua kitu ambacho maiti hawezi kujitafutia tena, na nimefanya hivyo kwa ajili ya watu wawili walio hai: mmoja anayesafishwa damu, na mmoja aliyesingiziwa. Nikiwa na moyo mzuri naona kwamba wewe, uliyemlisha kila aliyebisha hodi, ungefanya hivyohivyo. Nikiwa mkweli zaidi nakusikia ukiniambia nikate kitunguu.

Kesho asubuhi, kabla ya kiapo, nitapita Wandegeya. Nitanunua nyama kwa yule mtu watu wakiona, na nitamjibu swali lake mbele ya wenye vibanda jirani, kwa Luganda, lugha ya soko lote, ili lisiwepo la kutafsiriwa. Haitoshi, amepoteza wateja ambao sitamrudishia mimi kwa kilo moja.

Lala, Mama. Nakuahidi sitakuongezea kosa wala kukupunguzia. Nitasema mvua, nitasema ndimu, nitasema ulivyokula wa kwanza, na nitasema nilichokisikia puani na kwamba nilinyamaza. Sitamtuma Ba'mdogo Juma wala shehe kwenda kumlainisha Hajati Zubeda. Nitangoja jibu lake kwa muda atakaoutaka yeye. Likiwa la kusamehe, yeye mwenyewe atakuja kukusomea dua. Likiwa la kukataa, nitakuja mimi makaburini kukuambia, nami nitakaa nawe mpaka watufungie lango.

Mwanao,
Rukia