Nakala kwa Kampuni

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Hapa sote wazima. Mama anakohoa kidogo, ila kusema hajapunguza. Nawe huko Mamlaka ya Mawasiliano, kiti hakijakuumiza mgongo?

Kaka, nimebanwa. Ile kampuni kubwa ya simu imeishusha antena yangu kutoka kwenye mnara wao, na mtaa mzima mnara ni huo huo. Nafasi wanayo tele, kodi nilikuwa nalipa. Sasa intaneti ya wateja wangu inategemea antena niliyoifunga kwenye bomba nililosimika juu ya paa la saluni. Upepo ukivuma tu, simu za malalamiko zinaanza kuita. Wasipozuiwa, biashara yangu inakufa. Ushindani wa haki ndiyo kazi yako. Waambie basi.

Mdogo wako

15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie mama dawa anywe mwenyewe, asiwagawie majirani.

Siwezi "kuwaambia". Watasema nambeba dada yangu. Lete malalamiko rasmi kama mtu mwingine yeyote, pamoja na ushahidi wote: wateja wako ni nani, wanakaa wapi, wanalipa nini, nani kalalamikia lipi. Bila ushahidi huo ni umbea. Usifiche kitu.

Kaka yako

9 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama kapona. Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Vijana wa kampuni wamepita mtaani na fulana mpya, wanagawa miezi mitatu bure. Hawakukosea mlango hata mmoja. Fundi cherehani, mwalimu, duka la dawa. Nyumba zisizo za wateja wangu wakaziruka. Nikajiuliza wana mganga gani hawa. Kisha wakagonga kwa mama wa ghorofa ya pili: "Samahani, hapa ndipo kwa Bibi Kelele?"

Kaka, jina hilo nimempa mimi, kwa sababu intaneti ikisita kidogo tu ananipigia. Sijawahi kulitamka mbele ya mtu. Nimeliandika mahali pamoja, kwenye orodha niliyokuletea. Amenikatia waya kwa kisu cha jikoni huku natazama.

Nani kawapa?

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kuhusu mama.

Niliwapa mimi. Kanuni inasema anayelalamikiwa apewe nakala ya kila kitu ili ajitetee. Mlalamikaji anaweza kuomba siri za biashara yake zifunikwe, lakini lazima aombe mwenyewe, nawe hukuomba. Kukukumbusha kungekuwa kukupendelea. Uniwie radhi. Kesi yako ni nzuri sana. Mvumilivu hula mbivu.

Kaka yako

3 Septemba

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Barua zangu mbili hujajibu, na simu yako haipatikani. Usininunie, nina habari njema. Tumeshinda! Kuanzia mwezi ujao kila mwenye mnara lazima awapangishe wenzake kwa masharti sawa. Mkurugenzi ameitaja kesi yako kwenye hotuba. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Rudi mnarani, mdogo wangu.

Kaka yako

30 Novemba

Kaka,

Mama mzima, anakusalimu.

Antena niliuza kabla ya hotuba yenu. Lile bomba la saluni sasa wanaanikia taulo. Kampuni ilipobaki peke yake ikapandisha bei kupita yangu, na wateja walionikimbia wananilaumu mimi, eti kwa nini nilifunga. Siku hizi nauza vocha za kampuni hiyo hiyo, kwenye kibanda cha rangi yao. Fulana nimepewa. Mnara wenu uko wazi kwa wote, na hakuna aliyebaki wa kuupanda.

Nina uchungu nawe kuliko nilio nao kwao. Wao sikunyonya nao ziwa moja. Neno dogo tu, "funika majina", lingekutoka mdomoni ungekufa? Uliogopa kusemwa, ukaniacha nizame, halafu ukapiga makofi.

Usinijibu. Lakini ukishindwa kujizuia, ipeleke kwanza nakala kwa kampuni. Nao wana haki ya kusoma.

Mdogo wako