Mwanasesere Aliyepiga Teke Kwenye Maombi

Section 58, Nakuru
Jumapili alasiri

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua chako kimepoa, au bado unakohoa ukipanda ule mlima wa kwenda shambani? Nyanya anakula vizuri, au bado anampa paka nusu ya sahani halafu anasema ameshiba? Mimi ni mzima. Shangazi ni mzima pia, ila sauti imemkauka, kwa sababu shule moja hapa jirani imebadilisha rangi ya sweta na wazazi wote wamekuja dukani kwake kwa wakati mmoja. Nakuru kuna baridi ya asubuhi na vumbi la mchana. Nimezoea vyote viwili.

Najua ulichoambiwa kwenye simu. Shangazi alikupigia akiwa na hasira, na ulipoomba kuongea nami nilirudia tu "niko sawa, Mama", kwa sababu alikuwa amesimama karibu nami, na mimi siwezi kujieleza nikiwa nasikilizwa. Ndiyo maana nakuandikia. Barua itakuja ndani ya mfuko wa sweta za mdogo wangu Mghalu. Shangazi amesema neno la mwisho ni lako: yule mwanasesere akae au aondoke. Tangu Alhamisi jioni amefungiwa kwenye kabati la vitambaa, mpaka utakaposema. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaamua.

Nilimpata kwenye soko la mitumba siku Shangazi aliponituma vifungo. Kulikuwa na lundo la tedi, na katikati ya lundo nikaona mkono. Mkono mdogo, Mama, lakini una kucha, na kwenye kiganja una mistari kama yetu. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniona.

"Mrembo, hiyo wacha," akasema. "Hiyo imekufa."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo mpaka akanitaka nirudie, kama ule mwili mwingine uko.

"Uko kwa karatasi," akasema, akanirushia mfuko. Ndani kulikuwa na miguu, tumbo, kifua na kichwa kisicho na nywele, vyote vimeachana. "Chukua na tedi moja, usije ukasema nimekuuzia maiti."

Tedi nimempa mtoto wa jirani. Maiti nikabaki nayo.

Shuleni mwalimu wa maktaba aliniruhusu kutafuta kwenye kompyuta. Kumbe hakuwa amevunjika. Kuna wanasesere wanaotengenezwa kwa resini, ambayo ni nzito na baridi kuliko plastiki, na kila kiungo kina tufe dogo linalokaa ndani ya shimo lake, kama bega la mtu. Ndani yake hupita lastiki kutoka kichwani hadi miguuni. Lastiki ikichoka, mwili wote unaachana, lakini ukimtia nyingine anasimama. Macho ni ya kioo na yanatolewa. Nywele ni wigi. Uso huchorwa kwa mkono, na ukitaka unaufuta na kuuchora upya. Watu wazima kabisa huwakusanya. Nilisoma mpaka mwalimu akaja kuzima taa.

"Yule msichana aliyenitengenezea meno ana kitu kama hicho kwa meza yake," mwalimu akasema.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Dada Njoki. Anafanya kazi kwenye karakana ya meno ya bandia mjini. Shangazi mwenyewe alinipeleka mara ya kwanza, akamkagua kuanzia viatu, akaridhika. Dada Njoki ana wanasesere watatu, na kabla hajaniambia jina lake aliniambia ninawe mikono.

Amenifundisha mengi. Mwanasesere hushikwa kiunoni, hashikwi kichwani. Usoni haguswi na mtu, kwa sababu mafuta ya vidole yanakula rangi. Hawekwi juani, kwa kuwa resini ikipigwa jua inageuka manjano, "kama meno ya mvuta sigara, na hayo nayajua," anasema. Ukimsugua kwa msasa, msugue ndani ya maji na uvae barakoa, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Mimi hufanya hivyo nyuma ya nyumba, na maji yanatoka meupe kama ule udongo tuliouona Kariandusi kwenye safari ya shule. Na mwanasesere wa mtu huombi kumshika, unangoja upewe. Nilikaa mbele ya wale wake nikingoja, mikono magotini, mpaka akacheka.

"Sasa wewe utangoja mpaka uzeeke? Shika."

Kosa langu lilikuwa lastiki. Dada Njoki alisema ile ya mviringo inayofaa huagizwa mbali, nisubiri mpaka atakapoletewa. Sikusubiri. Kwanza nilitumia ile bapa ya sketi kutoka dukani kwa Shangazi, na mwanasesere akalala kama mtu aliyezimia. Basi nikaenda kwa watu wa boda kuomba blada, ile mipira ya tyubu kuukuu wanayofungia mizigo.

"Niaje, msupa. Unafunga nini?" mmoja akauliza.

"Mguu."

"Wa nani?"

"Wa doli."

Akaniangalia, akawaangalia wenzake. "Basi chukua ndefu," akasema, "asije akatoroka." Walicheka mpaka nikafika kona.

Blada ilimsimamisha wima. Nilifurahi sana. Sikujua kwamba ikivutwa kupita kiasi, goti lililokunjwa hukaa kwa muda tu halafu hufyatuka lenyewe.

Alhamisi ile ilikuwa zamu ya Shangazi kupokea akina mama wa maombi. Nilikuwa nimetoa macho ya mwanasesere ili niyaoshe, na yeye nikamkalisha juu ya kabati la vyombo, nyuma ya maua ya plastiki, nikidhani haonekani. Mama Shiru, kiongozi wao, alikuwa akiombea wasafiri. Sebule yote imefumba macho. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Mguu ukafyatuka, ukapiga sinia ya bati, sinia ikaanguka sakafuni na kuzunguka, kuzunguka, kuzunguka. Mama Shiru akafumbua macho, na kitu cha kwanza alichokiona ni uso usio na macho ukimtazama kutoka kwenye maua.

"Shindwe," akasema.

"Shindwe," wote wakaitikia.

Ningesema sentensi moja tu, Mama. "Ni blada." Lakini walikuwa kumi na kitu. Nikarudi jikoni na birika langu. Maombi yakaanza upya, kwa sauti kubwa, na chai ikapoa. Wakati wa kuondoka Mama Shiru alimwambia Shangazi kile kitu kichomwe.

Shangazi aliniita sebule ilipobaki tupu.

"Wakesho, mimi si mjinga. Najua hiyo ni plastiki."

"Ni resini, Shangazi."

"Usinirekebishe nikiwa na hasira." Akakaa. "Mimi ndiye ninayeishi na hawa watu. Wakiniuliza nitawaambia nini? Anayejua ni wewe, na wewe ulinyamaza."

Ndipo alipokupigia. Baada ya hapo akasema kuwa Alhamisi inayofuata tutaenda sote kwenye maombi kwa Mama Shiru, na atakayeeleza ni mimi.

Wiki hiyo sikula vizuri, na Shangazi ndiye atakayekuambia hilo, kwa hiyo nalisema mwenyewe. Nilimwendea Dada Njoki na kumweleza yote. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanikatia lastiki yake mwenyewe, ile ya mviringo. Tuliitoa blada pamoja na kumsafisha weusi iliomwachia.

Alhamisi niliingia kwa Mama Shiru na mwanasesere kwenye beseni, amefunikwa kanga. Sikuweza kuwaangalia watu, kwa hiyo nilimwangalia yeye na kuanza kuongea. Nilimfungua mbele yao. Nilivuta lastiki kwa sindano ya kroshia, nikaonyesha inapopita, nikamvua mguu, nikamrudishia. Nilieleza kuhusu blada. Sijui niliongea kwa muda gani, lakini hakuna aliyekohoa.

Mama Chebet, yule anayetembea na mkongojo, akainama kutazama. "Hata goti langu linataka hiyo lastiki," akasema. "Uliza kama wanafunga ya watu."

Hapo wakacheka, na mimi nikapumua.

Mama Shiru hakucheka. "Na macho?"

Nikamwonyesha yanavyotoka na yanavyowekwa. Akayashika kwenye kiganja chake, mawili, ya kahawia, akayageuza.

"Siku ya maombi yakae ndani ya kichwa," akasema.

"Yatakaa."

"Na mbona yuko uchi?"

Wote wakamgeukia Shangazi.

"Fundi wa sare," Mama Shiru akamwambia, "nyumbani kwako kuna mtu anakaa uchi."

"Huyo si mtu," Shangazi akasema. "Ni resini."

Tulipokuwa tukiondoka Mama Shiru alinishika bega. "Kumbe unaongea. Nilidhani wewe ni wa kumimina chai tu." Kisha akasema, "Mimi bado simpendi huyo doli wako. Lakini sasa najua nisichokipenda ni nini."

Mama, nitakuambia ukweli wote. Utasema mtoto wa miaka kumi na sita ana kazi gani na wanasesere. Sichezi naye kama tulivyocheza na wale wa majani ya migomba. Lakini pia sitakudanganya kwamba ni kazi ya mikono tu, kwani kuna wakati namkalisha mezani na kumwangalia. Alama zangu hazijashuka, unaweza kumuuliza Shangazi. Nitamshughulikia Jumamosi tu, na sebuleni hatarudi. Ukikataa, nitampeleka kwa Dada Njoki, na sitanuna. Au nitanuna kidogo, kisha nitaacha.

Tangu nije huku, sijawahi kuongea mbele ya watu wengi hivyo. Sikutaka kuliacha hilo nje ya barua.

Msalimie Baba, umwambie redio yake niliisikia hata kwenye simu. Msalimie Nyanya, na paka wake. Mwambie Mghalu kwamba sweta kubwa ni ya mwaka ujao, asiivae sasa kwa kujionyesha. Msalimie mjomba wa dukani na mkewe, na mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili ukikutana naye kanisani.

Sasa ombi langu. Alhamisi hii akina mama wanarudi kwetu, ingawa si zamu yetu, kwa ajili ya jibu lako. Mpigie Shangazi jioni hiyo, naye ataiweka simu kwa sauti kubwa, maana wote watataka kusikia. Wakusanyaji huwapa wanasesere wao majina, lakini huyu sijampa. Niliona si vizuri kukipa jina kitu ambacho huenda nikakitoa. Ukikataa, sema tu kwamba umekataa. Ukikubali, usijisumbue kueleza. Taja jina moja, lolote utakalolipenda. Mimi nitakuwa nikimimina chai, na nitaelewa.

Binti yako,
Wakesho